Tairi Nne na Mama wa Sola

Askari wa barabarani alinisimamisha karibu na stendi ya Bariadi. Akazunguka gari langu, akachuchumaa, akapitisha kidole gumba kwenye tairi ya mbele. Kisha akaniuliza kama mimi ni mwalimu. Nikasema ndiyo.

"Mwalimu," akasema, "hii siyo tairi. Hili ni puto."

Nilitaka kumjibu, maana mimi hasira zangu hazikai mbali, lakini nilishuka nikaangalia mwenyewe nikanywea. Tairi zote nne zilikuwa kipara. Kashata, ile michongo inayoshika barabara, zilikuwa zimelika mpaka mpira unang'aa. Gari lenyewe ni dogo, jeupe, nililinunua likiwa limeshamchosha mtu mwingine, na umri wake unamzidi mwanangu wa mwisho aliyeko chuo. Mlango wa nyuma wa kushoto unafunguliwa kwa ndani tu. Redio inashika stesheni moja, ya mahubiri. Lakini linawaka kila asubuhi, na kwa mwalimu wa shule ya msingi hilo linatosha kuliita gari.

Askari aliniachia kwa onyo. Mvua zilikuwa zinakaribia, na mtu wa Simiyu haelezwi maana yake. Udongo wetu mweusi wa mbuga, kiangazi unapasuka nyufa za kuzamisha mguu, na mvua ikinyesha unageuka ugali. Mimi nilikuwa na safari moja kwenye udongo huo, na haikuwa ya kuahirishwa. Nilitakiwa kumfuata baba yangu kijijini Zagayu nimlete hospitali mjini.

Baba alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Madaktari wa macho walikuwa wanakuja Bariadi kwa wiki moja tu kila mwaka. Mwaka uliotangulia walikuja, baba akasema ana ng'ombe mgonjwa. Mwaka wa kabla ya huo alisema ana msiba, na kweli msiba ulikuwepo, ila wa mtu ambaye hakumpenda hata kidogo. Safari hii muuguzi aliniambia waziwazi kwamba mzee akikaa mwaka mwingine bila kutibiwa, macho yanaweza kuharibika kabisa, na madaktari wakija watampa pole tu. Nililala na maneno hayo, nikaamka nayo.

Mwenyewe ukimuuliza anasema, "Naona. Kuna ukungu kidogo tu."

Nikampigia simu. Nikamwambia Jumatatu ijayo nakuja kumchukua, ila kwanza nabadilisha tairi. Nikasikia kengele za ng'ombe.

"Nani anachagua?" akauliza.

"Anachagua nini?"

"Tairi."

"Nachagua mimi, baba. Gari ni langu."

"Siwezi kwenda kuchanwa jicho nikiwa juu ya tairi ambazo sijazikagua," akasema, akakata simu.

Hapo inabidi nieleze baba yangu ni nani. Enzi zake yeye ndiye aliyekuwa anaitwa kukagua ng'ombe wa mahari. Ukiozesha binti pale Zagayu, na vijiji vingi vya jirani, hupokei ng'ombe mpaka baba apite kati yao. Alikuwa anaingiza mkono mdomoni mwa ng'ombe akahesabu meno, anabonyeza nundu, anainua mkia, anapitisha vidole kwenye pembe. Kisha anasema neno moja: "Huyu apite," au "Huyu mrudisheni." Wakwe wamelia mbele yake. Kuna harusi moja ilisogezwa mbele msimu mzima wa pamba kwa sababu ya ndama mmoja mwenye mkia mfupi. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwambia eti umenunua tairi nne mwenyewe, tena dukani, bila kikao.

Jumamosi mchana wakaja. Nasema wakaja kwa sababu alikuja na baba mdogo, mdogo wake wa kuzaliwa, wote wawili kwenye bodaboda moja, mshikaki. Baba mdogo anatengeneza katambuga, ndala za mpira wa tairi, anauza gulioni. Kwake yeye tairi ni ndala ambayo bado haijapata akili. Walikuwa wamepita mbele ya geti la hospitali ileile, wakaja mpaka kwangu, wakashuka wakijipangusa vumbi.

"Mwadila, mayu," baba akanisalimia. Mayu ni mama, na ndivyo baba zetu wa Kisukuma wanavyotuita tukishakua.

"Mwadila, baba. Shikamoo. Sasa hospitali si umeipita hapo? Lala kwangu leo na kesho, Jumatatu tunatembea kwa miguu mpaka pale. Hata tairi hatuzihitaji!"

Akageuza uso upande wangu. "Leo nimekuja kwa ajili ya tairi. Kwa ajili ya macho, utakuja kunichukua nyumbani."

"Baba!"

"Mtu anayekwenda kuchanwa anafuatwa kwake, watu wanamwona anaondoka. Siyo anaokotwa njiani kama mbuzi aliyepotea."

Nilitazama mbingu. Baba mdogo alikuwa anatazama chini ya gari langu, anachagua ndala zake.

Muuza tairi wetu ana kibanda cha mabati kando ya barabara. Tairi mpya zinaning'inia juu, za mtumba zimepangwa chini, na jeki zimezagaa kila mahali. Ni kijana mtu mzima, ana mke na watoto, na maneno yake ameyaleta kutoka Dar alikoishi miaka miwili. Alipotuona alipiga makofi.

"Mama mwalimu! Leo umekuja na wazee kabisa! Shikamooni wazee wangu. Hapa mmefika, hapa ni mashine tupu."

Mimi nilikuwa nimeshasoma kwenye simu usiku tatu. Nilijua namba ya saizi, nilijua kuangalia mwaka wa kutengenezwa, na nilijua ninachotaka. Nilitaka tairi za misimu yote. Nikamwambia hivyo, kwa sauti ya mtu aliyesoma. Akashusha moja, akaipigapiga mgongo.

"Hii hapa. Misimu yote, mama. Jua, mvua, mpaka theluji. Ona alama yake." Kweli ubavuni palikuwa na kialama cha mlima, na ndani yake kitu mfano wa ua.

"Theluji ndiyo nini?" baba akauliza.

Nikaeleza, kama ninavyoeleza darasa la nne. Barafu nyepesi, inadondoka kutoka mawinguni, inatanda barabarani. Ulaya huko.

"Inadondoka Bariadi?"

"Hapana, baba."

"Itilima je?"

"Hapana."

"Maswa? Busega?"

"Baba, haidondoki popote mkoa huu!"

Akamgeukia muuzaji. "Basi, kijana wangu, itoe theluji kwenye bei. Sisi tutalipia vumbi na matope. Hiyo nyingine mpelekee mwenye nayo."

Muuzaji alicheka, akidhani ni utani. Haukuwa utani. Baba alivuta kigoda akakaa. Muuzaji akaeleza kwamba theluji imo ndani ya mpira, haiwezi kutolewa. Baba akasema kama haiwezi kutolewa basi isihesabiwe, kwani mtu ukinunua ng'ombe mwenye kupe hulipii kupe. Baba mdogo akasema hayo ni maneno ya haki kabisa. Mimi nilikuwa nimeshika kichwa, na wateja wengine wawili walikuwa wameacha shughuli zao wanasikiliza. Mwishowe kijana wa watu alisalimu amri akapunguza bei, na kwenye risiti akaandika kwa mkono wake: "Tairi nne, bila theluji." Risiti hiyo ninayo mpaka leo.

Lakini kupunguziwa bei siyo kukagua. Baba mdogo akatoa mfukoni sumaku iliyofungwa kamba, aliichomoa kwenye spika ya redio iliyokufa. Akaining'iniza juu ya tairi. Ikavutwa, ikanata.

"Waya!" akasema kwa uchungu.

"Baba mdogo, tairi za siku hizi zote zina waya ndani."

"Waya unachoma kisigino. Hizi zikifa tutavaa nini?"

"Mimi nanunua tairi nitembelee gari! Zikifa nitakuwa nimeshastaafu!"

"Ndiyo maana vijana mnanunua vitu mara mojamoja," akasema. "Hamuulizi kitu kitakuwa nani kikishakufa."

Jamani. Nilimwachia baba amjibu, na baba alimjibu vizuri, akamwambia zikifa avae ndala za plastiki kama wenzake. Kisha akasimama, akamshika mdogo wake bega kama walivyozoea kutembea, akasema, "Waleteni."

Na muuzaji akaanza kuwaleta. Naapa hivyo ndivyo ilivyokuwa. Aliziviringisha tairi mojamoja mbele ya baba kama ng'ombe wanaopitishwa zizini, na baba akainama kwa kila moja. Alipitisha vidole kwenye kashata, kila mfereji mpaka mwisho wake. Alizibonyeza mbavuni. Alizinusa. Moja akaipiga kofi akasikiliza.

"Huyu apite."

Ikaja ya pili. "Huyu apite."

Ya tatu ilikuwa nzuri kuliko zote, nyeusi tititi, inameremeta. Mimi mwenyewe nilishaipenda kwa macho. Baba alipitisha vidole mara moja, akarudia, akasimama wima.

"Huyu mrudishe. Huyu mzee."

"Mzee wangu, hiyo ni kitu kipya kabisa!"

"Mifereji yake ina makali ya kisu. Kitu kilichozaliwa na mifereji hakina makali, na kina nywelenywele. Huyu amechongwa." Akatabasamu kidogo. "Wakati mmoja waliniletea ng'ombe waliyempiga msasa pembe ili aonekane mdogo. Yule naye alikuwa anang'aa."

Nikainama, nikashika, nikashika na ya pili. Kweli bwana. Ilikuwa tairi ya mtumba iliyolika, ikachongwa upya kashata kwa kisu cha moto na kupakwa dawa nyeusi. Usiku tatu za simu, macho mawili mazima, miwani juu, na nilikuwa nauziwa mbuzi kwenye gunia mchana kweupe.

Nilimgeukia yule kijana. Sitaki kurudia nilichosema, wanafunzi wangu wengine wanajua kusoma. Aliapa kwamba na yeye aliletewa hivyohivyo, hakujua, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi, lakini sikumwamini. Nilimwambia afunge zile nzima haraka na hataniona tena. Baba alikuwa ananitazama, au nilidhani ananitazama, kwa furaha ya mtu ambaye kazi yake ya zamani imemrudia mkononi.

Tairi nzuri nne zikapatikana, msaidizi wa muuzaji akaanza kuzifunga. Baba akamwachia mdogo wake bega akajisogeza pembeni, kwenye kivuli. Pale palikuwa na tairi za mtumba zimepangwa moja juu ya nyingine kufikia kimo cha mtu, na mke wa muuzaji alikuwa ameanika kanga yake juu yake, ya njano yenye maua mekundu. Baba akasimama mbele ya zile tairi. Akavua kofia.

"Mwadila, mayu," akasema.

Nilidhani ananisemesha mimi. Lakini alikuwa amezielekea zile tairi, ameinamisha kichwa kidogo, na anasubiri.

"Mwadila, mayu," akarudia.

Spana ilisimama. Baba mdogo aliangalia sumaku yake. Kumbe. Ukungu kidogo. Kumbe lile bega la baba mdogo halikuwa bega la undugu tu. Baba aliona njano na aliona kimo, basi. Hakuwa akiona kingine chochote, na alikuwa amenificha mimi mwanaye wa kumzaa.

Nikaona uso wake unaanza kukunjamana. Alikuwa anafikiri amedharauliwa. Sekunde moja zaidi na angenyoosha mkono kumshika yule mama asiyejibu salamu, na angejua, mbele ya watu wote, siku ileile aliyotamba.

Ndipo kutoka nyuma ya zile tairi ikatoka sauti nyembamba, laini, ya mama mtu mzima:

"Mwadila, baba."

Ilikuwa sauti ya muuza tairi. Alikuwa ameinama kule nyuma na tairi iliyochongwa bado iko mkononi mwake.

Uso wa baba ulikunjuka. Na kwa kuwa salamu zetu haziishii mlangoni, akaendelea.

"Mmeshindaje?"

"Salama, baba. Ninyi je?"

"Tunaendelea. Unatoka upande gani, mayu?"

"Sola, baba."

"Sola! Pamba imetokaje huko?"

"Mvua ilichelewa, lakini tunashukuru."

"Watoto wazima?"

"Wazima, baba."

"Na ng'ombe?"

"Wapo, baba. Wamepungua kidogo."

"Wabeja, mayu," baba akashukuru, akavaa kofia, akarudi taratibu kwa mdogo wake. "Huyo mama amelelewa," akamwambia. Wateja wote wawili waliangalia pembeni. Hakuna aliyecheka. Mimi niliingia nyuma ya kibanda nikamkuta muuzaji amekaa chini, jasho linamtoka. Nilimpigapiga bega. Hasira zote nilizokuwa nazo juu yake sikuziona tena.

Nilimvuta baba mdogo kando nikamuuliza tangu lini.

"Huu mwaka wa tatu," akasema. "Ng'ombe anawajua kwa mgongo. Aliniapisha nisikwambie."

"Sasa kwa nini anakimbia madaktari?"

Alizungusha ile sumaku kwenye kamba yake. "Sasa hivi anasema ana ukungu kidogo. Wakimchana na asione, hatakuwa na la kusema."

Wakaondoka vilevile walivyokuja. Baba alikataa niwapeleke, eti safari ya kwanza ya tairi zile lazima iwe ya kumfuata. Baba mdogo alikuwa ameikagua ile tairi yangu ya akiba, kuukuu, ya aina nyingine, sumaku haikunata, akaivaa shingoni. Bodaboda ikaenda na wazee wawili na tairi moja, na mimi nilibaki barabarani nalia, watu wanadhani nimeibiwa.

Jumapili mvua ilinyesha usiku kucha. Jumatatu asubuhi nilitoka na roho mkononi, na baada ya lami kuisha nikaingia kwenye tope jeusi. Gari liliserereka mara mbili, kisha zile kashata zikauma, likaenda. Lilinguruma, likarusha matope mpaka juu ya kioo, lakini likaenda. Nilijikuta nasema kwa sauti, peke yangu, "Huyu apite! Huyu apite!"

Baba alikuwa amekaa nje, koti la harusi mwilini, katambuga mpya miguuni, zimetoka kwenye ile tairi yangu ya akiba. Majirani wamejaa. Alikuja akazishika tairi zote nne, moja baada ya nyingine, matope yakimfika kwenye viwiko. Akaridhika. Nikamfungulia mlango. Akashika mlango, hakuingia.

"Yule dume jeusi hakuamka vizuri," akasema.

Nilijua hapohapo. Ng'ombe mgonjwa. Nikataka kupiga kelele, kumwambia nimeona, najua, umenidanganya miaka mitatu. Nilimtazama pale, mkono wake umeshika mlango mpaka vidole vimekuwa vyeupe. Mzee wangu alikuwa anaogopa. Nikasema kitu ambacho sikukipanga.

"Baba, yule mama wa Sola alikuulizia."

Akageuza sikio. "Nani?"

"Yule mliyesalimiana kwa muuza tairi. Nilimwambia unakwenda kutibiwa macho. Akasema, mwambie yule mzee mwenye adabu asiogope. Hata yeye alichanwa, sasa anaona mpaka sindano."

Mimi ni mwalimu. Mtoto akinidanganya namsimamisha mbele ya darasa. Na pale nilisimama mbele ya kijiji, nimeweka maneno ya kutia moyo kinywani mwa tairi za mtumba.

"Alisema hivyo?"

"Alisema."

Mama yetu alishafariki siku nyingi. Baba akarekebisha kola ya koti. "Mama wa watu," akasema, "hanijui wala simjui." Akaingia kwenye gari. Njia nzima alishika mpini wa juu ya mlango kwa mikono miwili, na redio ilituhubiria mpaka getini.

Walimchana jicho moja siku iliyofuata. Jingine walisema baadaye. Usiku ule sikulala. Nilikaa kwenye benchi la nje na kuomba kwa maneno ambayo sikuyapanga vizuri. Asubuhi muuguzi alimfungua bandeji mimi nikiwa nje, mpaka tumepata dawa na maelezo ikawa saa nane mchana. Akatoka akitembea polepole, peke yake, bila bega la mtu.

Akanipita.

Akaenda moja kwa moja kwenye gari. Akachuchumaa mbele ya tairi akaiangalia kwa muda mrefu, uso wake una mashaka. Kisha akafumba macho, akapitisha vidole kwenye kashata. "Ndizo," akasema. Akasimama, akanigeukia, akaniangalia vilevile, kwa mashaka yaleyale, mpaka nikaogopa. Miaka mitatu siyo michache kwa uso wa mwanamke, na wangu umepigwa na mengi. Akafumba macho. Akaweka kiganja chake shavuni kwangu, kidole gumba kikapita chini ya jicho, kwenye paji, mpaka kwenye nywele.

"Ni wewe," akasema. Akafumbua. "Lakini mayu, na wewe kashata zimeanza kuisha."

Nilicheka na kulia kwa pamoja, kamasi zikanitoka kama mtoto. Nikamwambia apande gari twende nyumbani akale.

"Tupitie kwanza kwa muuza tairi," akasema. "Nimshukuru yule mama."

Machozi yalikauka palepale. Nikamwambia leo hayupo. Akasema tutaangalia. Nikamwambia Sola ni mbali. Akasema tukimpata, tumempata. Niliendesha kwa mwendo wa konokono nikitunga maneno ya kuungama, na kila nililolitunga lilikuwa baya kuliko lililotangulia. Tukafika. Muuzaji alikuwa amelala chini ya gari la mtu, miguu tu ndiyo inaonekana, na pale kivulini tairi za mtumba zilikuwa zimepangwa vilevile, ila kimo kimepungua, kanga ya njano yenye maua mekundu juu yake.

Baba alishuka. Akasimama mbele yake. Mimi nilisimama nyuma yake, na nikamwona anaangalia kanga, anashuka na jicho lake jipya tairi moja baada ya nyingine mpaka chini, kisha anaangalia ile miguu chini ya gari. Nikasema, "Baba..." Akaninyamazisha kwa kiganja.

Akavua kofia.

"Mwadila, mayu."

Miguu chini ya gari ilishtuka. Spana ikaanguka. Ikapita sekunde, na sauti ileile nyembamba ikatoka kule chini:

"Mwadila, baba."

"Nimekuja kukushukuru. Uliniambia nisiogope."

Muuzaji hakujua habari hiyo, maskini. "Ndiyo, baba," akasema hatimaye.

"Watoto wazima?"

"Wazima, baba."

"Wabeja sana, mayu. Mungu akutunze."

"Wabeja, baba."

Baba akavaa kofia, akarudi kwenye gari, akafunga mlango taratibu asije akasikika. Nikawasha, nikaondoka. Sikuthubutu kumwangalia. Tulifika mpaka kwenye kona ya sokoni ndipo aliposema.

"Amepungua sana yule mama. Siku ile alikuwa mrefu kunipita."

"Ameuza tairi mbili, baba," nikasema.

"Mwambie apumzike," akasema, akageukia dirishani kuangalia mji.